Karatasi Tatu za Kuanguka

Hebu niambie, mtoto wa rafiki yako wa utotoni akikuinamia, akakubusu kichwani, kisha akakuuliza jambo kwa adabu, utamnyima jibu? Mimi sikuweza. Na kwa kutoweza kwangu mwanamke mmoja alivunjwa vidole vinne, mwingine akapoteza jicho, na mkono wangu wa kushoto mpaka leo baridi ikishuka kwenye mji wetu wa Kef haukunjiki.

Nilikuwa mpishi wa nyumba ya wanawake. Ilikuwa nyuma ya tanuri la mkate, ghorofa mbili, mlango wa chuma wa buluu kama milango mingine yote ya mtaa ule. Majirani waliambiwa ni darasa la ushonaji, na cherehani mbili mbovu ziliwekwa dirishani makusudi. Waliokaa humo walikuwa wamekimbia waume, kaka, hata baba zao. Msimamizi wetu, Lalla Nejiba, yaani Bibi Nejiba kwa heshima ya kwetu, mwalimu mstaafu aliyezoea kunyamazisha watoto arubaini kwa kukohoa tu, alikuwa na amri moja: anwani haitoki. Haiendi kwa mama mzazi, haiendi hospitali, haiendi hata polisi.

"Polisi nao ni waume za watu," alikuwa akisema. "Na ni binamu za watu, ambayo ni mbaya zaidi."

Chedlia aliletwa mwezi wa tatu, mimba ya miezi saba, taya limefungwa waya, sikio la kulia halisikii. Alikuwa mfumaji wa mazulia. Wiki za mwanzo alikunywa supu kwa mrija, nami nilimchujia dengu mara mbili zisimkwame. Waya ulipotolewa akanisimulia, huku ananimenyea vitunguu, bila chozi isipokuwa la kitunguu. Mumewe, Lazhar, alikuwa mpasua mawe machimboni. Kabla ya kumpiga huvua saa kwanza, huiweka juu ya redio isije ikavunjika, kisha hufungulia mpira kwa sauti kubwa. Mara tatu Chedlia alilala hospitali: mbavu, kifundo cha mkono, na taya. Mara zote tatu Lazhar alisimama kando ya kitanda ameshika mfuko wa machungwa, na mara zote tatu karatasi iliandikwa kwamba ameanguka.

"Ulianguka wapi?" nikamuuliza.

"Mara mbili ngazini," akasema. "Nyumba yetu haina ngazi, mama."

Siku ya uchungu ilipofika Lalla Nejiba alikuwa mahakamani na mwanamke mwingine, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka. Alijifungua msichana saa tatu asubuhi, mwenye nywele nyingi. Nikiwa nimekaa kwenye benchi la ukumbini nikipumzisha miguu, karani wa vizazi akatoka na fomu mkononi. Alikuwa Hamda, mwana wa Salouha. Salouha na mimi tulisoma darasa moja mpaka la sita, tukagawana mkate mmoja kila siku ya Mungu. Huyu kijana nilimbadilisha nepi.

Akanibusu kichwa. Akaniuliza jina la mama, umri, jina la baba. Kisha: "Makazi ya mama?"

Nikasema kama nilivyofundishwa. "Sanduku la posta la chama."

Akacheka. "Sanduku la posta? Mama mdogo Dalenda, mtoto huyu atalala ndani ya sanduku?"

"Ndivyo nilivyoambiwa niseme, mwanangu."

"Umeambiwa useme kwa watu. Mimi ni watu? Mimi Hamda?" Akaweka kalamu chini, na uso ukamwanguka kweli, si kwa kuigiza. "Unanificha mimi. Sawa. Nitamwambia mama kwamba siku hizi kwako mimi ni askari kanzu."

Kwetu Kef, kumbania neno aliyekubusu kichwa ni kumwita mwizi mchana kweupe. Kuomba karatasi na sahihi baina ya watu wanaofahamiana ni matusi makubwa zaidi. Nikaona haya. Nikauliza, "Inakwenda wapi hiyo?"

"Manispaa tu. Kwenye daftari la vizazi. Nani anasoma daftari?"

Basi nikamwambia. Na mimi nikielekeza naelekeza: mtaa, tanuri la mkate, mlango wa tatu baada ya bomba la maji, wa buluu, penye cherehani dirishani. Akaandika yote kwa mwandiko wake mzuri. Hakuna aliyemuuliza Chedlia aliyekuwa amelala chumba cha pili.

Hospitali ikapeleka karatasi manispaa kama inavyopeleka kila siku. Na baba wa mtoto, kwa kuwa ni baba, akaenda dirishani manispaa akaomba nakala ya cheti cha mwanawe. Wakampa, wakampongeza. Cheti kilikuwa na mstari wa makazi ya mama.

Alikuja siku ya tisa, Ijumaa, saa tano asubuhi.

Nilikuwa jikoni. Kuskusi ilikuwa imepanda mvuke wa kwanza, nimeimwaga kwenye sinia la mbao naichambua madonge, na kinu changu cha shaba kilikuwa mezani kimejaa pilipili kavu niliyoiloweka, nimeitwanga na kitunguu saumu na jira. Nikasikia pigo la kwanza mlangoni. Nilidhani ni gari la gesi. Pigo la pili bawaba ikalia. La tatu mlango ukaingia ndani pamoja na kipande cha ukuta, na Lazhar akaingia juu yake, na nyundo ya machimboni, ile ya mpini mrefu.

Lalla Nejiba alikuwa ukumbini na simu. Hakukimbia. Akamwelekezea kidole kama anamtoa mtoto darasani, "Wewe! Toka—" na yeye akamsukumia mpini wa nyundo usoni, moja kwa moja, kama mtu anayegonga mlango. Pigo lilitoa sauti ya yai linalopasuka. Akakaa chini, mikono miwili kwenye jicho, damu ikimpita katikati ya vidole mpaka kwenye mikono ya gauni.

Nikajitupa mbele ya ngazi. Kwa nini, sijui. Nilikuwa na miaka sitini na minane. Alinipiga mkono mara moja, bila hata kunitazama, nikaanguka kando nikiutazama mkono wangu ukiwa umekunjwa mahali pasipo na kiungo.

Juu nikasikia milango ikifungwa, wanawake wanapiga kelele, mmoja anapiga simu polisi kwa sauti ambayo sitaisahau. "Nyumba ya wanawake! Nyuma ya tanuri!" Na simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa, kwa hiyo sote tulimsikia mwanamume wa upande wa pili, mtulivu kama muuza viatu: "Nyumba gani hiyo, dada? Kwenye orodha yangu hakuna nyumba ya namna hiyo. Matanuri Kef yako mangapi? Isije ikawa mnanitania."

Asiyepaswa kujua alikuwa na anwani mfukoni kwa muhuri wa manispaa. Waliopaswa kujua hawakuwa nayo, kwa sababu sisi wenyewe tuliwanyima.

Alimshusha Chedlia kwa nywele. Ngazi kumi na saba, nazijua, nazipiga deki. Chedlia alikuwa amemrushia mwenzake wa chumbani mtoto kabla hajakamatwa. Alimburuta mpaka jikoni kwangu, akamlaza kifua juu ya meza. Kisha akavua saa. Akaiweka pale mezani, kando ya kotimiri yangu.

"Mkono gani?" akamuuliza. "Mkono gani ulitia sahihi ya kunishitaki? Huu?"

Akaubana mkono wake wa kulia juu ya ubao, akaishika nyundo karibu na chuma chake, kama anavyoshika mtu anayechonga jiwe dogo, akapiga. Akapiga kidole kimoja kimoja. Aliruka kidole gumba. Chedlia hakulia mpaka cha tatu.

Mimi nilikuwa nimejiburuta mpaka mguu wa meza. Nikasimama kwa mkono mmoja. Nikautia ule mzima ndani ya kinu, nikachota pilipili kiganja tele, nikampaka machoni. Sikumrushia, nilimpaka, nikasugua kama anayesugua sufuria lililoungua. Alinguruma. Akaiachia nyundo, akajishika uso, na kadiri alivyojifuta ndivyo ilivyozidi kuingia.

Chedlia akateleza chini ya meza, akainuka upande wa pili na mchi wa shaba mkononi mwake wa kushoto. Mchi ule ni wa bibi yangu, una uzito wa mtoto mchanga. Akampiga goti. Pigo la kwanza nilisikia mfupa. La pili akaanguka. La tatu nikasema, "Basi." La nne sikusema kitu.

Wa kwanza kufika alikuwa mwoka mikate, na mti wake wa kutolea mikate. Polisi walifika baada ya dakika hamsini, kwenye mji ambao ukiwa na miguu mizuri unauvuka kwa dakika ishirini.

Wote tulipelekwa hospitali ileile. Sisi chumba cha wanawake; Lazhar mwisho wa ukumbi, amefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, macho yamevimba kama maboga, goti limewekwa vyuma. Alitukana usiku kucha. Na asubuhi ya Jumamosi akaja Olfa, mwanasheria wetu, msichana mwembamba mwenye jalada la njano, akaleta habari iliyotuuma kuliko vidonda.

"Wakili wake ameshaandika," akasema. "Anasema mteja wake alikwenda kumwona mwanawe mchanga, haki ya baba. Wanawake wakamtia pilipili machoni wakamvunja goti. Jumatatu saa nne yuko mbele ya hakimu. Wakiona ni ugomvi wa nyumbani, ataachiwa akasubiri kesi nje. Na Chedlia ndiye atakayeulizwa kuhusu mchi."

"Na vidole vyangu?" akauliza Chedlia.

"Watasema mlikuwa mnapigania nyundo. Ninahitaji yale mafaili matatu ya zamani. Mbavu, kifundo, taya. Hakimu aone kwamba haikuanza Ijumaa. Polisi wayapokee leo, yaingie kwenye jalada lao kabla ya Jumatatu."

Alasiri wakakusanyika kukizunguka kitanda cha Chedlia: Olfa, mkurugenzi wa hospitali na koti lake jeupe, Mkaguzi Basma wa kikosi cha polisi cha wanawake, mwanamke mnene wa kifua kipana, Lalla Nejiba, nusu ya uso ndani ya bandeji, na Hamda, aliyesimama mlangoni bila kunitazama. Mimi nilikuwa kitanda cha pili na mkono wa plasta.

"Siwezi," akasema mkurugenzi. "Faili la mgonjwa ni amana. Silitoi hospitalini kwenda polisi kwa sababu tu mmeniomba vizuri."

"Amana!" Lalla Nejiba akafoka. "Na anwani yetu ilikuwa amana ya nani? Hiyo mliitoa kama karanga!"

"Makazi ya mama huandikwa kisheria, Lalla."

"Sheria inataka makazi," akasema Olfa, nakala ya kile cheti mkononi, "haikutaka cherehani za dirishani."

Masikio yangu yakawaka moto.

Hamda akapata sauti. "Mimi nina ufunguo wa kumbukumbu. Dakika mbili. Nitapiga picha kwa simu, nitamtumia Mkaguzi, na hakuna atakayejua."

"Ndiyo hiyo tabia!" Olfa akamgeukia. "Jumatatu wakili wake atauliza, karatasi hii imetoka vipi kabatini mpaka hapa? Tutajibu nini, iliruka dirishani? Hakimu ataitupa, na ikishatupwa haiokotwi tena. Mume huyo atakuwa nje saa tano."

"Basi mnataka nini?" Basma akauliza. "Mimi nina mtu mmoja tu anayemlinda yule mnyama."

Olfa akafungua jalada. "Nataka sababu inayokubalika na sheria, iandikwe, isainiwe. Nani anatoa, nani anapokea, karatasi zipi, kwa kazi gani, nani atazisoma, zitarudi lini. Sababu ziko mbili: amri ya hakimu, au ridhaa ya mwenyewe. Hakimu yuko kwenye mizeituni yake, simu imezimwa."

"Ridhaa haitafaa," akasema mkurugenzi. "Amepewa dawa za maumivu. Wakili atasema hakujua anachosaini."

"Halafu akirudiana na mume?" akasema Basma. "Wengi hurudi. Mimi nitabaki na faili mkononi kama mwehu."

"Nitasaini mimi," akasema Lalla Nejiba. "Yuko chini yangu."

"Kwa sheria gani, Lalla?"

"Kwa sheria ya jicho langu!"

Wakabishana hivyo juu yake kama watu wanaobishania kabati la kuhamisha, nani ashike wapi, na yeye amelala, mtoto kifuani, mkono umefungwa kama mkate.

Ndipo tukasikia chuma kikiburuzwa. Kisha kioo. Kisha mtu akilia, si Lazhar. Basma alikuwa wa kwanza kuelewa, akatoka mbio. Lazhar alikuwa amechomoa nguzo ya dripu, amempiga nayo mlinzi wake mdomoni, na kwa kuwa pingu ilikuwa ya kitandani, akakivuta kitanda chenyewe. Kilikuwa na magurudumu. Alikuwa anarukaruka ukumbini kwa mguu mmoja, kitanda kinamfuata, anatapika matusi, "Chedlia! Sijamaliza mkono wa pili!"

Hamda alikuwa mlangoni. Hakuwa na kitu mkononi isipokuwa kalamu. Akaufunga mlango, akauegemea kwa mgongo. Nguzo ikapita kwenye kioo cha juu ikamchana shavu mpaka meno yakaonekana. Hakuondoka. Mkurugenzi, koti jeupe na yote, akaja akasukuma kando yake. Kitanda kikagonga mlango mara moja, mara mbili, bawaba zikalia vilevile kama zile za nyumbani, na mtoto akaamka akaanza kulia. Kisha tukasikia rungu la Basma, mapigo mazito yenye nafasi sawa, kama mtu anayekung'uta zulia. Kitanda kikanyamaza.

Basma aliingia akihema, amepasuka mdomo. "Amelala," akasema. "Endeleeni."

Damu ya Hamda ilikuwa ikidondoka kwenye kola, na mwanangu yule akanitazama mimi kwa mara ya kwanza. Sikuweza tena kuficha.

"Anwani niliitoa mimi," nikasema. "Si manispaa. Hamda aliniuliza, nikaona haya, nikamwambia mpaka bomba la maji."

Lalla Nejiba alinisogelea akiwa na jicho lake moja. Akanipiga kofi, la kiganja kizima, la mwalimu wa zamani. Nikalipokea. Akainua mkono tena.

"Lalla, usimpige," akasema Chedlia.

Sauti ilikuwa ndogo, maana taya lake halikupata kufunguka vizuri tena. Sote tukageuka, kana kwamba kabati limesema.

"Sijanywa dawa tangu asubuhi," akasema. "Nimeikataa, kwa ajili ya maziwa. Muulize muuguzi." Akamtazama mkurugenzi. "Kwa hiyo akili yangu ni hii hii. Olfa, nisomee."

Olfa akasoma, mstari mmoja mmoja. Chedlia akamkatiza. Nani hasa ataona? Mkaguzi Basma, mwendesha mashitaka na hakimu. Si wale wa kaunta? Si wa kaunta. Basi liandikwe. Anwani ya nyumba imo ndani ya mafaili? Hapana, ni ya zamani, ya kwake. Na ya nyumba mpya watakayohamia? Akataka iandikwe kwamba mpya ataijua Basma peke yake, ili siku nyingine mtu akipiga simu asiulizwe ni tanuri gani. Mkurugenzi akaongeza kwa mkono wake kwamba hospitali haitapeleka jambo la mgonjwa wa nyumba ile popote kabla mwenyewe hajaulizwa. Basma akaandika siku ya kurudisha.

"Kuna jambo, Chedlia," akasema Olfa polepole. "Lazima ujue. Mafaili haya yanasema umeanguka. Yote matatu. Mimi nitasema mbavu zina alama ya kiatu, na hakuna anayeanguka juu ya kiatu. Lakini neno lililoandikwa ni hilo."

Chedlia akampa mtoto muuguzi aliyekuwa amekuja kumfunga Hamda shavu. Akanyoosha mkono wa kushoto, Olfa akampaka wino kwenye kidole gumba, naye mwenyewe akakibandika kwenye karatasi, akakibonyeza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mimi na Basma tukatia sahihi za mashahidi. Mkurugenzi akatia yake, akamtuma mtu kabatini.

"Sasa andika na hili, chini," Chedlia akamwambia Olfa. "Mara tatu nimelala hapa. Mara tatu waliniuliza jina, umri, kundi la damu, na ninakaa wapi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nani kaniangusha. Mimi sikutaka kufichwa wala kuhurumiwa. Nilitaka niulizwe hilo tu. Andika: ni Lazhar."